Maji ya mvua kwenye kiwanja chako: maswali tunayoulizwa sana na wanaojenga Dar es Salaam

Ukurasa huu ni wa mtu anayejenga, au anayetaka kurekebisha kiwanja alichokwisha kujenga, Dar es Salaam na pembezoni mwake. Hatuzungumzii mitaro ya barabarani wala kingo za mito. Tunazungumzia yale ambayo mwenye kiwanja anayaamua mwenyewe: nyumba ikae wapi, uwanja ufunikwe kwa kitu gani, maji ya paa yaelekee upande upi. Msimamo wetu tunausema mapema: wingi wa maji yatakayotoka getini kwako unaamuliwa kwenye ramani, siku nyingi kabla ya mtu kushika sururu kuchimba mtaro.

Kiwanja kimoja kinaongeza maji kiasi gani mtaani?

Hesabu yake ni nyepesi, kwa sababu milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600, na mvua ya milimita 50, ambayo masika huweza kuishusha kwa siku moja. Hapo zimeanguka lita 30,000. Kiwanja kikiwa bado kina vichaka na ukoka, kikiwa tambarare na udongo wake wa kichanga, huenda sehemu moja tu ya kumi ikatiririka nje. Hizo ni lita 3,000.

Sasa jenga kama wengi wanavyojenga: nyumba isiyo na ghorofa ya mita za mraba 180, pevingi au zege mita 300 kuanzia getini mpaka nyuma ya jiko, na mita 120 za maua pembeni. Paa na zege huachia karibu asilimia 90 ya maji yanayoanguka juu yake. Kinachotoka getini kinakaribia lita 22,000. Mvua ni ileile, kiwanja ni kilekile, maji yamezidi mara saba. Piga hesabu hiyo kwa mtaa wenye nyumba hamsini.

Si ingetosha serikali ikijenga mitaro mikubwa zaidi?

Mitaro inahitajika na hatuipingi. Ila mtaro unahamisha maji, haupunguzi. Maji ya Kimara, Ubungo na Tabata yakitolewa haraka, yanawahi kufika kwenye bonde la Msimbazi, na huko mto umeshabeba maji ya vilima vya Pugu, tena unapokea ya Mto Ng'ombe yaliyopita Sinza na Tandale. Yote yanatafuta mlango mmoja wa kuingilia baharini, pale Daraja la Selander.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo barabara ya Jangwani imefungwa na maji mara kwa mara, mabasi ya mwendokasi yakakwama. Mradi wa kuliendeleza bonde hilo ulipata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022, na ndani yake kuna daraja jipya la Jangwani. Ni kazi ya lazima. Lakini kila uwanja mpya wa zege huko juu unaumega uwezo wa kazi hiyo. Mtu wa Kigogo au Hananasif, huko bondeni, hana namna ya kujikinga na lita 20,000 za kila nyumba ya mlimani. Sisi tulioko juu ndio tunaoweza kumpunguzia.

Nianzie wapi kabla ya kuchora ramani?

Nenda kiwanjani mvua ikinyesha. Vaa mabuti, chukua mwavuli, simama pale kwa saa nzima. Utaona maji yanakoingilia, yanakopita, yanakotuama na yanakotokea. Mchora ramani aliyekaa ofisini hawezi kuyaona hayo kwenye karatasi ya upimaji. Weka vigingi kwenye njia ya maji, funga fito zenye vitambaa, ukaitunze njia hiyo kama ilivyo: nyumba isikae juu yake, ukuta usiikate.

Kisha tafuta udongo wako mzuri uko wapi. Hapa watu wengi wanafanya kinyume. Nyumba huwekwa pale penye mchanga kwa kuwa msingi ni rahisi kuchimba, na bustani inaachiwa kona ya mfinyanzi. Kama kiwanja kina sehemu mbili tofauti na msingi unaweza kuhimili, jenga kwenye udongo usionyonya, uuache ule unaonyonya uendelee na kazi yake. Mwulize mhandisi kuhusu msingi, kwa maana baadhi ya mfinyanzi huvimba na kupasua kuta.

Miti mikubwa iliyopo iache. Mwembe au mkorosho uliokomaa hushika mvua kwenye majani, hunywa maji, na mizizi yake huufungua udongo kwa kina ambacho mche unaoupanda leo utachukua miaka mingi kukifikia. Nikiletewa ramani, swali langu la kwanza ni miti ipi inakatwa na kwa sababu gani. Mara nyingi jibu ni sehemu ya kuegesha gari ambayo ingeweza kusogezwa mita tatu.

Nitajuaje kama udongo wangu unanyonya?

Chimba shimo la upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 60, mahali unapofikiria kuweka bustani. Usiuparuze udongo wa ukutani ukawa laini kama umepigwa mwiko, maana utaziba vinyweleo vyake. Jaza maji, yaache yaishe. Jaza tena, simamisha rula au kijiti chenye alama, utazame maji yanashuka sentimita ngapi kwa saa. Ni huo ujazo wa pili unaosema kweli, kwa sababu udongo mkavu hunywa kwa pupa mara ya kwanza.

Yakishuka sentimita 2.5 au zaidi kwa saa, una udongo mzuri. Yakishuka chini ya sentimita 1.3, usitegemee kunyonya peke yake: punguza paa na zege, ongeza tenki, na bonde la bustani, yaani sehemu iliyochimbwa chini kidogo ipokee maji, liwe pana na la kina kifupi. Fanya jaribio sehemu mbili au tatu, kwani kiwanja kimoja cha Goba au Makongo kinaweza kuwa na mchanga juu na mfinyanzi mwekundu chini.

Kigamboni na maeneo mengine yaliyo karibu na bahari yana neno lake. Mchanga unanyonya vizuri sana, lakini wakati wa masika maji ya ardhini hupanda karibu na uso. Ukichimba shimo refu unakutana nayo na shimo linajaa kutoka chini. Huko fanya mabonde mapana ya kina kifupi, mashimo ya kina achana nayo.

Mkandarasi akishaanza kazi, kuna la kuangalia?

Lipo, na ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Lori la kokoto likishaegeshwa juu ya bustani ya kesho, tofali zikashushwa hapo, saruji ikachanganyiwa hapo, udongo huo umekufa. Unaonekana ni udongo, lakini maji yanapita juu yake kama yanavyopita kwenye zege. Watafiti waliopima udongo wa kichanga huko Florida, matokeo yao yakatoka mwaka 2006, waliona kushindiliwa na shughuli za ujenzi kunapunguza unyonyaji kwa asilimia 70 hadi 99. Mchanga wenyewe, ambao tunaamini hauharibiki!

Kwa hiyo zungushia kamba na fito sehemu zote zitakazobaki bustani kabla lori la kwanza halijaingia, na uiandike njia ya malori kwenye mkataba. Udongo wa juu, ule mweusi wa sentimita 15 hadi 20, ukusanye pembeni na uufunike. Usimwachie mtu auze. Ukishamaliza ujenzi na ukaona sehemu imeshindiliwa, ilime kwa sururu mpaka sentimita 30, changanya na mboji, urudishe udongo wa juu.

Lazima nijenge ghorofa ili nipunguze paa?

Si lazima. Ghorofa inapunguza paa bila kupunguza vyumba, lakini nondo na zege lake si la kila mfuko. Kuna mengine ya kupunguza: korido ndefu inayokula mita za bure, sebule mbili zinazotumika moja, banda la gari lililojitenga na nyumba badala ya kushikamana nayo. Leta nyumba karibu na barabara na njia ya gari inafupika yenyewe.

Fundi anasema pevingi zinapitisha maji. Ni kweli?

Kwa namna zinavyowekwa mitaa mingi, hapana. Bloku yenyewe ni zege. Maji yanaweza kupita kwenye mianya tu, na mianya hiyo fundi huibana, akafagilia mchanga laini, wengine mpaka saruji. Chini yake ameshashindilia moramu mpaka imekuwa ngumu. Umelipia uwanja unaofanana na zege kwa kila kitu isipokuwa sura.

Pevingi zinazopitisha maji kweli zinajengwa hivi: chini kabisa udongo usioshindiliwa kupita kiasi, juu yake sentimita 20 hadi 30 za kokoto zilizooshwa zisizo na vumbi, kisha tabaka jembamba la kokoto ndogo, ndipo bloku zenye mianya ya milimita 8 hadi 10 iliyojazwa kokoto ndogo zilezile. Mchanga laini hauhitajiki popote. Kokoto zina nafasi wazi ya asilimia 35 hadi 40, kwa hiyo tabaka la sentimita 25 lina uwezo wa kushika karibu milimita 90 za mvua huku maji yakiendelea kunyonywa taratibu. Msimamie fundi mwenyewe kwenye hatua ya kokoto. Zikija na vumbi, zirudishe au zioshwe, maana vumbi hilo ndilo litakaloziba kila kitu chini ambako huwezi kufika tena.

Za bei nafuu zaidi ni pevingi za matundu zinazootesha ukoka katikati, au kokoto tupu zilizozuiwa na ukingo. Na ninayoipenda kuliko zote ni njia mbili za matairi. Njia ya gari ya mita 3 kwa 15 ni mita za mraba 45. Ukimwaga zege pale tu matairi yanapopita, sentimita 60 kila upande, unabaki na mita 18. Katikati panda ukoka. Gari linapita vilevile.

Bustani yangu ni kubwa lakini uwanja bado unamwaga maji barabarani. Kwa nini?

Tazama kimo cha bustani. Mtindo wetu ni kuijengea ukingo, kujaza udongo hadi juu, na uwanja kuuinamishia getini. Maji yanaizunguka bustani na kwenda zake. Igeuze: uwanja uinamie bustani, bustani iwe chini ya uwanja kwa sentimita 5 hadi 10, na kama ukingo lazima uwepo, uukate matundu kila baada ya mita moja. Marekebisho haya peke yake, bila kununua kitu kingine, hubadilisha kiwanja kuliko mtaro wowote.

Maji ya paa niyapeleke wapi?

Kwanza tenki, likifurika yaende bustanini, na yakizidi huko ndipo yatoke nje. Mpangilio huo usiugeuze. Bomba la gata linalomwaga moja kwa moja kwenye pevingi ndilo chanzo cha ule mto mwembamba wa mchanga unaouona unapita chini ya geti.

Paa la mita za mraba 110 kwa mvua ya milimita 50 linaleta lita 5,500, ukitoa upotevu unabaki na kama 5,000. Tenki la lita 5,000 linazipokea zote, likiwa tupu. Hapo ndipo penye mtego. Katikati ya masika tenki limejaa tangu juzi, na mvua ya leo haipati nafasi. Tumia maji hayo kila siku, kufulia, kusukumia choo, kuoshea gari, kumwagilia kukiwa na kiangazi kifupi kati ya mvua, ili kila wingu likute nafasi. Anayeyahifadhi bila kuyagusa anapata akiba ya vipindi vya mgao, jambo jema, lakini hapunguzi mafuriko. Maji ya kwanza ya kila mvua yaache yatoke, maana yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Bonde la bustani linachimbwaje?

Linachimbwa kwa jembe na chepe, hakuna mashine. Chagua mahali palipo angalau mita 3 kutoka kwenye msingi wa nyumba, upande wa chini, mbali na karo na mbali na kisima. Chora umbo lolote kwa kamba. Mita za mraba 30 zinatosha kiwanja cha kawaida. Chimba, changanya udongo na mboji, ukiacha sakafu iko sentimita 15 chini ya uso wa ardhi na iko sawa kabisa, upime kwa pima maji. Sakafu ikiinama, kona moja itatuama na nyingine itakauka. Bonde hilo linashika lita 4,500. Panapoingilia bomba weka mawe yavunje kasi. Upande wa chini acha mlango wa kutokea, nao uimarishe kwa mawe, ili mvua kubwa ipate njia bila kubomoa.

Panda vitu vinavyostahimili kulowa na kukauka: vetiva (nyasi ndefu zenye mizizi ya kina), migomba, magimbi, kana, mchaichai pembeni. Weka matandazo.

Sasa rudi kwenye kiwanja chetu cha mfano. Paa tumelipunguza mpaka mita 110, sehemu ngumu mpaka 110, kilichobaki ni kijani. Mvua ya milimita 50 inatoa kama lita 11,800. Tenki linachukua 5,000, bonde linachukua 4,500. Zinazotoka getini ni pungufu ya 3,000, sawa na siku kiwanja kilipokuwa kichaka.

Je, si nitafuga mbu?

Wasiwasi huu una msingi. Dengi ilitusumbua jijini mwaka 2014 na tena 2019. Lakini mbu anahitaji takriban wiki moja ya maji yaliyotuama kutoka yai mpaka kuruka. Bonde lililojengwa vizuri linakauka ndani ya siku moja au mbili. Likipita siku tatu na bado lina maji, limeziba au udongo haukufaa, lirekebishe. Hatari kubwa ya mbu iko kwenye tenki lisilo na mfuniko, gata lililojaa majani, na matairi mabovu nyuma ya nyumba.

Niko mlimani, Kimara au Goba. Haya yanafaa kwangu?

Yanafaa kwa tahadhari. Usichimbe shimo la kunyonya maji kwenye ukingo wa korongo wala nyuma ya ukuta unaozuia udongo. Udongo uliolowa ni mzito, na ndio unaoangusha kuta za namna hiyo usiku wa mvua. Kila ukuta wa kuzuia udongo uwe na matundu ya kutolea maji na kokoto nyuma yake.

Mlimani silaha yako ni mistari inayofuata usawa wa ardhi. Usisawazishe kiwanja chote kwa greda kipate kuwa meza moja. Kigawe ngazi mbili au tatu, nyumba nayo ipande kwa ngazi. Katikati weka makinga maji mafupi, kama fanya juu (mtaro ambao udongo wake hurushwa upande wa juu) wanazolimia watu wa Machakos, Kenya, kwa miaka mingi, na vetiva kwenye midomo yake. Kila kinga maji lishike kidogo na limwage pole kwa lililo chini yake. Njia ya gari isishuke moja kwa moja, ikate mlima kwa ulalo.

Naweza kuingiza maji ya paa kwenye karo?

Hapana, kabisa. Karo likijazwa na mvua linasukuma kinyesi nje kabla hakijaoza, na kinapitia mtaani wanakocheza watoto. Wale wanaotapisha vyoo makusudi mvua ikinyesha wanawapelekea wa chini kipindupindu. Maji ya mvua na majitaka yasikutane popote.

Jirani wa juu ananimwagia. Nijenge ukuta?

Ukuta bila matundu unayakusanya maji mpaka uanguke, au unayasukuma kwa jirani wa tatu. Mfuate mzungumze, mkimhusisha mjumbe ikibidi, mkubaliane njia moja ya maji inayopita viwanja vyote viwili. Bonde lililo mpakani, upande wake na upande wako, hugharimu kidogo kuliko kesi.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ufukwe wa bahari au wa ziwa. Kiwanja kikiuzwa bei ya kutupa kando ya korongo, uliza hilo kwanza. Kwa mengine, kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri yako. Peleka ramani inayoonyesha maji yanaelekea wapi hata kama hukuulizwa.

Nimeshajenga, uwanja wote ni zege. Nimechelewa?

Hujachelewa. Anza na gata: geuza bomba liingie kwenye tenki au bustani. Kisha kata zege vipande, mita moja kwa mbili, kwenye sehemu ambazo gari halipiti na maji yanakusanyika. Ondoa na moramu iliyo chini, lima, jaza mboji, panda. Pasipo nafasi ya bonde, chimba handaki la mita 1 upana, mita 1 kina na mita 6 urefu, ulijaze kokoto zilizofungwa kwa kitambaa cha kuchujia. Linabeba kama lita 2,400 chini ya ardhi na juu yake unapita kwa miguu.

Kuna mji uliopima ikaonekana inafanya kazi?

Upo. Seattle, Marekani, waliujenga upya mtaa mmoja wa makazi, kazi ikaisha mwaka 2001. Barabara iliyonyooka waliifanya nyembamba na yenye mikunjo, kando yake wakaweka mabonde yenye mimea na miti. Vipimo vya miaka iliyofuata vilionyesha maji yanayotoka mtaani yamepungua kwa zaidi ya asilimia 98. Mvua yao ni ya manyunyu marefu, yetu hupiga kwa kishindo, kwa hiyo usitarajie tarakimu hiyo hapa. Ila njia ni ileile, na vifaa vyake ni jembe, mawe na mimea.

Matunzo yake ni yapi?

Februari, kabla ya masika, na Septemba, kabla ya vuli: toa majani kwenye gata, zoa mchanga uliojikusanya kwenye mdomo wa bonde, ongeza matandazo, fagia mianya ya pevingi na ujaze kokoto zilizopungua. Baada ya mvua kubwa ya kwanza zunguka kiwanja, utazame maji yamepita wapi na yametuama wapi, urekebishe palepale udongo ukiwa bado laini.